Shikilia Hapo Hapo

Watu wetu tunajuana. Waambie mwaka mzima kwamba matangazo ya zamani ya TV yatazimwa, waambie redioni, wabandikie mabango mpaka kwenye milango ya vyoo vya sokoni, watakujibu tutaona. Ikibaki wiki moja wote wanashtuka pamoja, na wote wanamkumbuka fundi mmoja. Wiki ile simu yangu iliita mpaka nikatamani kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Mitambo ya zamani ilikuwa izimwe Ijumaa saa sita mchana, na asiyekuwa na king'amuzi angebaki kuangalia chenga, zile punje nyeupe na nyeusi zinazochemka kwenye kioo bila mwisho.

Mimi ni fundi wa antena. Hivi ving'amuzi vya chaneli za bure, unavyonunua mara moja na hakuna anayekufuata tena kila mwezi, havitaki sahani kubwa juu ya paa. Vinataka antena ya kawaida, ile yenye vijiti, iliyoelekezwa vizuri kwenye mnara. Ukiipatia, chaneli zote zinaingia zimenyooka. Ukiikosea hupati kitu, unabaki na kioo cheusi na maandishi mawili: hakuna mawimbi. Hilo ndilo nililolichukia kwenye dijitali tangu siku ya kwanza. Zamani kulikuwa na nusunusu. Picha ina chenga kidogo, msomaji wa habari ana sura mbili, unavumilia, maisha yanaenda. Sasa ama ipo ama haipo, na mtu mwenye jambo lake moyoni hapendi kuulizwa namna hiyo.

Zamani pia kazi hii ilikuwa ya watu wawili. Mmoja juu ya paa, mmoja ndani mbele ya TV. Wa juu anazungusha bomba la antena na kupiga kelele, "Imekuja?" Wa ndani anajibu, "Bado!" Anazungusha tena. "Bado kidogo! Umepitiliza, rudi!" Mpaka lifike lile neno moja, "Tosha!" Ukisikia tosha unakaza nati, unashuka, unaosha mikono. Sidhani kama kuna mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye TV ambaye hajawahi kuwa mmoja kati ya hao wawili.

Juu alikuwa kaka yangu. Mtaa mzima walimwita Mlingoti kwa urefu wake. Akisimama kwenye stuli alikuwa anafika mahali mimi nahitaji ngazi. Ndani nilikuwa mimi. Tulifanya kazi hivyo miaka kumi na minne. Kisha Jumapili moja mchana, miaka mitatu iliyopita, Mlingoti alianguka kutoka kwenye paa la nyumba yake mwenyewe, akafa kabla hatujamfikisha hospitali.

Tangu hapo nafanya kazi peke yangu. Nilinunua kipimo cha mawimbi, kidude cha kuvaa shingoni chenye tarakimu zake na mlio wake, kikipata kinalia tii. Wenye kipimo hawahitaji mtu wa ndani. Wateja wanadhani nilikinunua kwa sababu ya dijitali. Nilikinunua ili nisisikie tena mtu akiniambia bado.

Nitasema hapa hapa, maana sipendi kuzungusha maneno. Msibani watu waliniuliza ilikuwaje, nikawaambia, "Nilisema tosha. Nilisema kabisa, hakusikia." Ulikuwa uongo. Sikusema tosha. Na ule uongo haukubaki kwangu, ungebaki kwangu ningeubeba. Ulikwenda kukaa kwa shemeji, mke wa marehemu. Asubuhi ya siku ile walikuwa wamegombana, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa antena. Alimwambia, wewe unawafungia watu mji mzima, nyumbani kwako mama yako anaangalia chenga, huoni haya? Mlingoti akatoka bila kunywa chai. Mchana akapanda paa. Kwa hiyo mimi niliposema hakusikia, shemeji alielewa kwa namna yake, akajiambia: hakusikia kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimejaa maneno yangu.

Aliniuliza siku ya arobaini. "Shemeji, mwisho kabisa alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Alikuwa amenuna?"

"Sikumwona usoni. Nilikuwa ndani."

Mwaka uliofuata akaniuliza tena, kwa maneno yale yale, nikamjibu yale yale. Mwaka wa pili vilevile. Na wa tatu. Mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanagonga ukuta, sasa anasema kwa sauti ya mtu aliyeazima sauti. Nilikuwa nayo dawa yake, nikakaa nayo mdomoni.

Sasa rudi kwenye wiki ile. Jumanne nilikuwa juu ya paa la mwalimu mmoja mstaafu. Yeye alikuwa nje getini ananisimulia habari za pensheni, mke wake alikuwa kliniki, nyumba haina mtu. Kipimo kikalia tii, nikakaza nati. Nikasikia kutoka sebuleni, chini ya mabati, mtu akisema, "Bado."

Nikadhani ni TV. Nilipoingia ndani kuunganisha nyaya niliikuta TV haijachomekwa hata kwenye umeme.

Jumatano nilikuwa kwa mshonaji nguo, mama mmoja mwenye maneno mengi. Nilikuwa nimekaa juu ya tofali la ukingo wa paa nikifunga kebo, yeye akatoka ndani mbio, mkasi mkononi, akasimama uani akinitazama kama naonekana mara mbili.

"We fundi, umepanda saa ngapi?"

"Sijashuka, mama. Nipo huku huku tangu uniletee maji."

"Acha mchezo. Si ndiyo kwanza umepiga kelele sebuleni kwangu? Nimekusikia. Umesema shikilia."

Nilimwambia kelele za cherehani zimemharibu masikio. Alicheka, nami nikacheka, lakini nati ile niliikaza mpaka ikakatika, nikaanza upya na nyingine.

Shemeji hakunipigia. Angenipigia ningejua la kumwambia, kwamba nimebanwa, kwamba wiki ijayo. Alinitumia ujumbe Alhamisi asubuhi. Aliandika: Shemeji, king'amuzi nilinunua tangu mwezi juzi, kiko kwenye boksi lake. Najua paa hili huliwezi na sikulaumu. Nitamwita fundi mwingine, ila mama asikose picha.

Nilisoma ujumbe ule mara nne. Mama yetu anaishi kwa shemeji. Masikio yake yalikwisha kitambo. Ukitaka akusikie uinamie sikio lake la kushoto upige kelele, na hapo atapata neno moja kati ya matano. Anachobaki nacho ni picha. Anakaa mbele ya TV, anaangalia midomo ya watu, anajitungia wanachosema, na mara nyingi anachotunga yeye ni kitamu kuliko kilichosemwa. Na kwa miaka mitatu amekuwa akiangalia kwa waya wa kuanikia nguo tulioukunja nyuma ya TV, chenga nusu, watu nusu. Fundi mwingine apande paa la kaka yangu amfungie mama yangu? Nilimjibu shemeji: nakuja kesho asubuhi.

Nilifika saa nne na nusu, asubuhi imekaribia kwisha. Nyumba yao ni ya chini, ya mabati, ila upande wa nyuma uwanja umekatwa, na kuna vidaraja vya zege vya kuteremkia kwenye bomba la maji. Kwa mbele ukianguka utachubuka goti. Kwa nyuma, kwenye ile kona, kimo kinakuwa mara mbili. Bomba la antena liko kwenye kona hiyo, limefungwa kwenye mbao nje ya ukingo wa bati, kwa sababu ndipo panapotazamana na mnara bila kuzuiwa na jengo la shule. Mlingoti alipachagua mwenyewe. Kulifikia lazima ulale kifudifudi juu ya bati na kunyoosha mkono wote nje.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, TV ya chogo mbele yake, chenga na nusu ya mtu anayesoma habari. Nilimwinamia. "Mama! Nimekuja kukutengenezea picha!"

"Umekonda," akasema, na kurudi kwenye nusu yake ya mtu.

Nilikitoa king'amuzi kwenye boksi, nikakifuta, nikachomeka zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, nikaweka kwenye ukurasa wa kutafuta chaneli. Kioo kikawa cheusi. Hakuna mawimbi. Mama akaguna kwa masikitiko, ile nusu ya mtu ilikuwa ni bora kuliko kukosa kabisa. Rimoti niliiacha kwenye mapaja yake.

Shemeji alikuwa uani ananisubiri. Ngazi nilikuwa nimeiegemeza ubavuni mwa nyumba, karibu na kona. Mguu wake mmoja hauna kisigino cha mpira, kwa hiyo inacheza kama hakuna mtu wa kuishika.

"Nikushikie ngazi, au niende ndani nikuambie picha ikija?" aliuliza.

"Ngazi," nilisema haraka. "Ndani sihitaji mtu. Nina kipimo."

Alinitazama kidogo, akaishika. Alikuwa amevaa kanga ya nyumbani na shati la marehemu, lenye mikono mirefu aliyoikunja mara tatu. Nikapanda.

Bati lilikuwa la moto. Nililala kifudifudi, nikajisogeza kwa viwiko mpaka kona, nikanyoosha mkono, nikalishika bomba. Vidaraja vya zege vilikuwa chini moja kwa moja, vimefagiliwa vizuri. Nilijikaza nisivitazame. Antena mpya niliifunga kwenye ncha, kebo inayotoka kwenye king'amuzi nikaiunga, nikachomeka kipimo katikati yake. Betri nilikuwa nimeichaji tangu jana jioni. Kipimo kikawaka, kikaonyesha sifuri. Nikazungusha bomba. Sifuri. Nikazungusha kuelekea mnara kabisa, ule pale nauona kwa macho, unang'aa juani. Sifuri tupu, na hakikulia.

Ikafika saa sita. Nilijua si kwa saa. Katika mtaa wetu Ijumaa mchana kila nyumba ina TV inayosema, na sauti zao zinachanganyikana hata huzisikii tena. Zote zikakatika kwa pamoja. Palikuwa kimya kwa muda wa mtu kumeza mate. Kisha nyumba moja ikaanza, shhhh, na ya pili, na ile ya ng'ambo, mpaka madirisha yote ya mtaa mzima yakawa yanatoa ule mvumo mmoja wa chenga. Wale wote waliosema tutaona, sasa walikuwa wanaona. Nilipaswa kucheka. Badala yake nililibana bomba zaidi.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponisaliti. Ni mazoea ya miaka kumi na minne ya kuusikia wito ule, na nilikuwa mahali pa anayeita. Nikajikuta napiga kelele:

"Imekuja?"

Kutoka sebuleni, chini ya bati nililolalia, sauti ya mwanamume ikajibu, "Bado."

Shemeji aliinua uso. "Nani yuko ndani?"

Nilitaka kuuvuta mkono nirudi nyuma, nishuke, niende zangu, king'amuzi afunge mwingine. Mkono haukuvutika. Vidole vilikuwa vimelizunguka bomba, nami nilikuwa nayatazama mafundo yake meupe kama ya mtu mwingine. Nikaviambia viachie. Havikuachia. Mwili wangu ulikuwa umeteleza kidogo mbele, kifua chote sasa kilikuwa nje ya ukingo, na jasho lilikuwa linanitoka puani likidondoka mpaka kwenye zege.

"Tosha?" niliuliza. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Bado. Shikilia hapo hapo."

"Shemeji," alisema mke wa kaka yangu kutoka chini, taratibu sana, "hiyo ni sauti yako."

Nilikuwa najua. Ingekuwa sauti ya Mlingoti ningeogopa, lakini ningeogopa kama watu wote wanavyoogopa wafu. Ilikuwa yangu mimi, ya miaka mitatu nyuma, nyepesi, ya mtu ambaye hana habari, anayejibu huku macho yake yakiwa kwingine. Niliyakumbuka maneno yale na mahali nilipokuwa nimekaa nilipoyasema. Nilikuwa nimekalia mkono wa kiti cha mama.

"Shemeji, sikusema tosha," nilisema.

Mtaa mzima ulikuwa unavuma, shhhh.

"Sikusema. Niliwadanganya. Picha ilikuja mapema sana. Alipolishika bomba kwa mkono, picha ikanyooka. Na mechi ilikuwa imefika penalti. Nilijua nikimwambia tosha ataliachia bomba akaze nati, na akiliachia litazunguka, picha ipotee, na mpaka airudishe penalti zitakuwa zimekwisha. Kwa hiyo nikasema bado. Nikamwambia shikilia hapo hapo. Alikuwa amelala nilipolala mimi sasa hivi, mkono nje, na mimi nilikuwa naangalia mpira."

"Shikilia," ilisema sauti sebuleni, bila haraka.

"Penalti ngapi?" aliuliza shemeji.

"Nne. Ya tano mpigaji alikuwa ameweka mpira chini. Ghafla kioo kikajaa chenga. Nikakasirika, shemeji. Nikamfokea. Nikasema, shikilia bwana! Nilimfokea akiwa tayari ameanguka chini."

Nilikuwa nalia na sikuwa na mkono wa kujifutia. Nilisubiri atukane. Nilisubiri aone ngazi ni mzigo, aiache, aende. Ningekuwa mimi ningeiondoa kabisa nikaiegemeza kwa jirani. Aliposema, hakuuliza hata kimoja kati ya nilivyokuwa nimejiandaa kuulizwa.

"Penalti nne zote, hakukuuliza kitu?"

"Aliuliza. Aliuliza mara tatu, tosha? Nikasema bado."

"Na mara ya tatu uliposema bado. Alisema nini?"

Nilifunga macho. Nilikuwa sijawahi kuyasema maneno yale kwa sauti, hata peke yangu njiani.

"Alicheka," nilisema. "Alikuwa amenigundua. Alisema, we bwana, unaangalia mpira wewe! Haya, maliza, ila nikishuka hapa utanikanda huu mkono. Akawa anacheka. Akaendelea kulishikilia."

"Alicheka."

"Alicheka, shemeji. Kile kicheko chake cha puani."

Nilimsikia akivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, kama ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. "Kwa hiyo hakuwa amenuna," alisema. "Hakuwa na maneno yangu kichwani. Alikuwa anakushikilia mpira." Kisha sauti ikambadilika, ikawa ile ya zamani, ile ya kugombana. "Miaka mitatu! Nimekuuliza mwaka baada ya mwaka, nimekuuliza kwa adabu, na wewe umekaa na kicheko cha mume wangu mdomoni mwako kama pipi!"

Bomba lilikuwa bado mkononi mwangu.

"Kitoe," alisema. "Kiseme alivyokisema yeye. Kwa sauti yake."

Ndugu mnaigana sauti, hilo si jambo la ajabu. Tulipokuwa wadogo nilikuwa namwiga Mlingoti mpaka mama anampiga yeye kwa kosa langu. Lakini tangu azikwe sikuwahi kuthubutu. Nikaifungua ile sauti pana, ya puani, yenye kicheko chini yake, nikaiita kupitia bati mpaka sebuleni, kwa yule kijana mpumbavu aliyekalia mkono wa kiti:

"We bwana! Unaangalia mpira wewe! Haya, maliza, ila nikishuka hapa utanikanda huu mkono!"

Chini ya bati pakawa kimya. Ile sauti yangu haikusema bado.

Kisha nilimsikia mama. Mama ambaye hasikii mlango ukigongwa kwa ngumi, ambaye radi ikipiga anauliza mbona mmeruka. Aliita kutoka kwenye kiti chake, sauti kubwa, ya furaha, ya mtu aliyekatizwa kwenye jambo tamu:

"Mlingoti! Tosha, mwanangu! Imekuja zamani, safi kabisa, watu wote wazima wazima! Shuka, usije ukaanguka!"

Vidole vyangu vikafunguka kimoja kimoja. Shingoni kipimo kikalia tii, kikaendelea kulia mpaka nikakizima. Niliubana ule mkono wenye ganzi kifuani, nikatafuta spana kwa mkono mwingine, nikafunga nati zote mbili, kwa sababu kazi ni kazi na mama alikuwa na picha. Halafu nikarudi nyuma kwa viwiko, nikiogopa kuangalia chini. Nilijua ile ngazi ilivyo, na nilijua sina haki ya kutegemea mtu aishike.

Niliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Haikucheza. Nikatazama. Shemeji alikuwa ameikumbatia kwa mikono yote miwili, paji la uso ameliegemeza kwenye mbao, mabega ya lile shati kubwa yanatikisika, na sikuweza kujua analia au anacheka. Hakuinua uso kunitazama, na hakuiachia mpaka mguu wangu wa pili ulipogusa ardhi.